Unataka kufungua duka au mkahawa ndani ya uwanja wa ndege? Piga hesabu hizi kwanza

Umewahi kukaa JKIA ukingoja ndege, ukaagiza chai na sambusa mbili, kisha bei ikakufanya uangalie salio kwenye simu mara mbili? Wengi wetu tumepitia hapo. Na wengi tumewaza kitu kimoja: "Hawa watu lazima wanatengeneza pesa. Mimi pia nikipata hata kibanda kidogo hapa, nimetoka."

Wateja wetu hutuuliza swali hili mara kwa mara, hasa wale ambao tayari wana mkahawa mtaani na wanatafuta tawi la pili. Jibu letu si ndiyo wala hapana. Biashara ya uwanja wa ndege inaweza kukuinua, na inaweza kumaliza akiba ya miaka mitano ndani ya miezi sita. Tofauti iko kwenye mkataba na kwenye hesabu. Hebu tuziangalie pamoja.

Jua kwanza ni upande gani

Uwanja wa ndege una pande mbili. Kuna upande wa nje, kabla ya ukaguzi wa usalama wa abiria, na upande wa ndani, baada ya ukaguzi. Ni biashara mbili tofauti kabisa.

Upande wa nje wateja wako ni wengi wa aina nyingi: wasindikizaji, madereva wa teksi, familia zinazosubiri mtu anayetua, na wafanyakazi wa uwanja wenyewe. Hawa wana haraka kidogo tu, na wanajua bei ya chai mtaani. Ukiwauzia ghali sana, watavumilia leo, kesho watabeba chakula kutoka nyumbani.

Upande wa ndani mteja wako ni abiria. Ameshapita ukaguzi, na kama anasafiri nje ya nchi huenda chupa yake ya maji ameshaiacha pale kwa sababu ya sheria ya mililita 100, hana pa kwenda na ana muda wa kuua. Huyu hununua. Lakini kumfikia kuna gharama. Kila mfanyakazi wako lazima awe na kitambulisho cha uwanja, kila katoni ya maziwa inapitia ukaguzi, na visu vya jikoni vinahesabiwa. Usidhani utaruhusiwa kuingiza mtungi wa gesi kama ulivyozoea. Uliza kabla hujanunua jiko. Mzigo ambao mtaani unafika kwa boda dakika kumi, hapa unaweza kuchukua nusu siku.

Watu wengi husahau kundi la tatu: wafanyakazi wa uwanja. Abiria anakuja mara moja kwa mwaka. Mfanyakazi anakuja kila siku, njaa inamshika kila siku, na karibu kila mara analipa kwa simu. Mkahawa wenye sahani ya bei ya wafanyakazi huwa na kitu cha kutegemea hata ndege zikipungua.

Kodi ya pango hapa si kama ya mtaani

Mtaani unalipa kodi ile ile kila mwezi na mwenye nyumba hajali umeuza ngapi. Kwenye viwanja vya ndege duniani, mkataba wa kawaida huwa na sehemu mbili: kiwango cha chini ambacho lazima ulipe hata usipouza kitu, na asilimia ya mauzo. Unalipa ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kukusaidia kuelewa tu, si bei za uwanja wowote.

Mkataba unasema kiwango cha chini ni shilingi 150,000 kwa mwezi, au asilimia 15 ya mauzo. Tuseme malighafi inakula shilingi 40 katika kila 100 unayouza, na mishahara, umeme na maji ni 280,000 kwa mwezi, uuze usiuze.

Mwezi mzuri, umeuza 1,400,000. Asilimia 15 ni 210,000, kwa hivyo unalipa 210,000. Malighafi 560,000, mishahara na umeme 280,000. Unabaki na 350,000. Hapo unatabasamu.

Mwezi wa kawaida, umeuza 1,000,000. Pango 150,000, malighafi 400,000, mishahara na umeme 280,000. Unabaki na 170,000.

Mwezi mbaya, umeuza 600,000. Asilimia 15 ingekuwa 90,000, lakini mkataba unakudai 150,000. Malighafi 240,000, mishahara na umeme bado 280,000. Jumla ni 670,000. Umepoteza 70,000, na hukukosea kitu.

Angalia vizuri mambo mawili hapo. La kwanza, asilimia inakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwenye nyumba analipwa kabla hujajua kama umepata. La pili, kwa mfano huu unahitaji kuuza kama shilingi 24,000 kila siku ili tu usipate hasara. Kama wastani wa mteja wako ni shilingi 300, hao ni wateja 80 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kabla hujalipa ushuru wala mkopo.

Kwa hivyo kabla ya kuweka sahihi, fanya zoezi rahisi. Nenda pale mahali, kaa saa nne asubuhi na saa nne usiku, siku ya katikati ya wiki na ya wikendi, uhesabu watu wanaopita na wanaobeba kikombe mkononi. Kama hufiki 80 kwa macho yako mwenyewe, karatasi haitakufikisha. Na uulize kama kiwango kilichoandikwa kimejumuisha VAT ya asilimia 16 au itaongezwa juu yake.

Ndege zikisimama, nani analipa?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaulizi, na ndilo lenye uchungu.

Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wasafiri wanaowasili kutoka nje pale JKIA. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Ndege za ndani nazo zilirudi katikati ya Julai. Septemba 2024 mgomo wa wafanyakazi ulikwamisha safari na abiria wakalala kwenye foleni.

Hakuna mwenye mkahawa aliyesababisha lolote kati ya hayo. Lakini kama mkataba wako una kiwango cha chini bila kipengele cha dharura, deni linaendelea kuhesabika ukiwa umefunga mlango. Omba kipengele kinachosema kiwango hicho kitapunguzwa au kusimama uwanja ukifungwa au idadi ya abiria ikishuka sana. Kama hawataki kukiweka, hiyo nayo ni taarifa. Chukua bima ya moto na ya kusimama kwa biashara, na uweke akiba ya angalau miezi mitatu ya pango kwenye akaunti ambayo huigusi.

Kwa wale wa Pwani, kumbuka pia msimu. Mombasa Desemba na Mombasa Mei si mji mmoja kwa mfanyabiashara. Hesabu zako zifanye kwa miezi ya mvua, kisha Desemba ikija iwe baraka.

Pesa itaingia vipi?

JKIA haifungi. Ndege zinatua usiku kucha, na wewe pia utaendesha zamu mbili au tatu. Hapa ndipo pesa hupotelea kama huna utaratibu.

Usitumie laini yako ya kibinafsi kupokea malipo. Kwanza, laini ya kibinafsi ina kikomo cha salio, ambacho tangu 2023 ni shilingi 500,000, na mwezi wenye shughuli nyingi unaweza kukifikia. Pili, ikifika wakati wa kutuma ripoti ya mauzo kwa mwenye nyumba, utashindwa kutenganisha pesa ya chai na pesa aliyokutumia shemeji. Na kumbuka, kwenye mkataba wa asilimia, shilingi ya shemeji ikihesabiwa kama mauzo unailipia pango.

Chukua Till namba ya biashara. Kila zamu ianze na kuisha kwa kuchapisha orodha ya miamala, na anayetoka na anayeingia waikubali pamoja. Dakika tano tu. Tumeona biashara nzuri zikivunjika, si kwa wizi mkubwa, bali kwa mia mbili mbili zisizo na mwenyewe kila usiku.

Weka pia mashine ya kadi. Mgeni kutoka Ulaya au Ghuba huenda hana laini ya Kenya, na hataenda kununua kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

Toa risiti ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kirahisi na KRA, na abiria wengi wako safarini kikazi. Afisa asiyepata risiti kwako atakula kwa jirani.

Na hili ni muhimu sana: mfundishe mhudumu asiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Uwanja wa ndege ni mahali pazuri kwa tapeli kwa sababu kila mtu ana haraka. "Dada, tayari nimelipa, ona, ndege yangu inaitwa." Ujumbe wa kughushi unafanana kabisa na wa kweli. Malipo ni yale yanayoonekana kwenye simu au mashine ya biashara yako, basi. Mteja wa kweli atasubiri sekunde kumi.

"Tuma elfu ishirini tukushikie nafasi"

Tumalizie na onyo. Nafasi za biashara kwenye viwanja vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya ni mali ya umma, na kwa kawaida hutangazwa wazi kwa zabuni. Kuna masharti, kuna tarehe ya mwisho, kuna karatasi za kujaza. Vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu wana fungu lao la asilimia 30 kwenye ununuzi wa serikali, kwa hivyo soma kila tangazo uone kama kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili yenu.

Sasa, ukipigiwa simu na mtu anayesema anajua mtu ndani, na kwamba ukituma elfu ishirini ya kufungua faili kwa namba hii kibanda ni chako, kata simu. Ada halali hailipwi kwenye laini ya mtu binafsi. Ukishatuma na tapeli akatoa pesa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Kama umeshatuma, tupigie papo hapo, usingoje hadi kesho. Kila dakika ina maana.

Kabla hujaamua

Jiulize maswali haya matano na uandike majibu kwenye karatasi, si kichwani:

1. Niko upande wa nje au wa ndani, na mteja wangu wa kila siku ni nani?
2. Nahitaji kuuza ngapi kwa siku ili nisipate hasara mwezi mbaya?
3. Uwanja ukifungwa mwezi mmoja, mkataba unasema nini?
4. Nina akiba ya miezi mitatu?
5. Zamu ya saa nane usiku ikiisha, nitajuaje kilichouzwa?

Kama majibu yote matano yapo na bado hesabu inasimama, nenda ukajaze zabuni kwa kichwa kilichoinuka. Kama hayapo, mkahawa wako wa mtaani haujakukosea. Uendeshe mwaka mmoja zaidi, weka akiba, na tangazo lijalo likutane na wewe uko tayari. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa anayeota ndege.