Juanita Hall katika Sura za Wengine

Tarehe 7 Aprili 1949, pazia lilipofunguliwa katika ukumbi wa Majestic mjini New York, wengi wa waliokaa gizani walikuwa wamekuja kwa ajili ya watu wawili: Mary Martin, kipenzi cha wapenda michezo wa jiji lile, na Ezio Pinza, Mtaliana mwenye sauti nzito aliyetoka katika opera akaja kujaribu bahati yake mahali pengine. Walirudi makwao na wa tatu moyoni. Huyo alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 47, mwanamke ambaye kwa takriban miaka ishirini alikuwa akiimba katikati ya kundi, wengine wakiwa mbele yake, na ambaye usiku ule, akiwa katika mavazi ya mchuuzi wa visiwani, alisimama akaimba habari za kisiwa kionekanacho kwa mbali baharini, hata ukumbi mzima ukanyamaza. Jina lake lilikuwa Juanita Hall, na mchezo ulioitwa South Pacific ndio uliomtoa katika safu akawa mtu wa kutajwa.

Alizaliwa Juanita Long, tarehe 6 Novemba 1901, huko Keyport, mji mdogo wa pwani katika jimbo la New Jersey. Jina la Hall alilipata kwa mumewe, Clement Hall, naye mwigizaji, ambaye alifariki mapema na kumwacha na jina hilo maisha yake yote. Alisoma muziki katika chuo cha Juilliard, ambacho hadi leo ni miongoni mwa vyuo vinavyoheshimiwa kuliko vyote nchini Marekani, na aliyesoma pale hakuwa mtu wa kubahatisha: alijua kusoma noti, alijua kuongoza waimbaji, alijua pumzi inatoka wapi na inapaswa kwenda wapi. Nayataja haya kwa sababu waandishi wengi wa zama zake walimsifu kana kwamba sauti yake ilimea tu kama nyasi baada ya mvua. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kazi ya miaka.

Mwaka 1928 alikuwa katika kwaya ya Show Boat, mchezo ambao watu wa jukwaa huuhesabu kuwa mzazi wa michezo ya nyimbo ya Marekani, maana kabla yake michezo hiyo ilikuwa tamasha la dansi na vichekesho, na baada yake iliwezekana kusimulia kisa chenye uchungu, ambamo watu husema yasemekayo na yale yasiyosemeka huyaimba. Maneno ya nyimbo zake yalitungwa na Oscar Hammerstein. Ilikuwa kawaida kwamba bwana mkubwa kama yule asimtambue msichana mmoja katika safu ya kwaya. Lakini itambidi msomaji alishike jina lake, kwa kuwa litarudi.

Kisha Juanita akaingia katika kwaya ya Hall Johnson, ambaye hakuwa na nasaba naye ijapokuwa majina yanafanana. Hall Johnson alikuwa mwalimu aliyejitwika jukumu la kuzihifadhi nyimbo za kiroho za watu weusi wa Marekani, zile walizoimba mababu zao utumwani, zisije zikapotea wala kugeuzwa mzaha wa majukwaani. Kwaya yake ndiyo iliyoimba katika The Green Pastures, mchezo ulioanza mwaka 1930, na Juanita hakukaa muda kabla hajawa msaidizi wa mwalimu katika kuiongoza. Baadaye aliunda kwaya yake mwenyewe. Katika miaka ya arobaini alipata nafasi ndogo ndogo: The Pirate mwaka 1942, St. Louis Woman mwaka 1946, Street Scene mwaka 1947. Ni orodha ya kuheshimika, lakini mtu angeweza kuitazama akadhani kwamba ndiyo mwisho wa safari, kwani mwanamke mweusi aliyekaribia miaka hamsini hakuwa na mengi ya kutarajia katika jukwaa la New York isipokuwa kuvaa aproni ya mtumishi wa nyumbani.

Mwaka 1948 alitokea katika Talent '48, onyesho lililoandaliwa na chama cha wasimamizi wa majukwaa ili wenye mali na watungaji wapate kuwaona waigizaji wasiojulikana. Hapo ndipo Hammerstein, aliyekuwa sasa na mwenziwe Richard Rodgers, mtungaji wa muziki, walipomwona. Wawili hao walikuwa wakitafuta mtu wa kuwa Bloody Mary.

Nani Bloody Mary? Asili yake ni kitabu cha James Michener, Tales of the South Pacific, kilichotoka mwaka 1947, chenye visa vya wanajeshi wa Marekani katika visiwa vya Pasifiki wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mary ni Mtonkini, yaani mwenyeji wa kaskazini ya nchi iitwayo leo Vietnam. Wafaransa waliwapeleka watu wake kwa mikataba katika mashamba ya visiwa vya New Hebrides, ambavyo siku hizi ni Vanuatu, kama vile upande wetu huku Waingereza walivyowaleta vibarua wa Kihindi kujenga reli. Vita vilipofika, mama huyu aliona kwamba askari mmoja wa Kimarekani analipa kwa kitambo kidogo ujira wa siku nyingi za shamba, akaacha jembe akaanza uchuuzi wa vitu vya ukumbusho. Lile jina lake la damu lilitokana na tambuu. Sisi watu wa pwani, ambao bibi zetu walikaa barazani na kijaluba cha popoo na chokaa, hatuhitaji maelezo ya midomo myekundu. Lakini wale vijana wa kizungu, ambao hawakuwahi kuona mtu akitafuna tambuu, walidhani wanaona jeraha.

Mtu kama huyo ni rahisi mno kugeuzwa kichekesho: mzee wa kigeni, mwenye lugha iliyovunjika, apigaye kelele za bei na kutukana. Kichekesho kipo katika mchezo, na Juanita hakukikwepa. Lakini Mary ana binti, Liat, naye anamwona luteni kijana wa Kimarekani, Joe Cable, akaazimia moyoni kwamba huyu ndiye atakayemtoa mwanawe katika maisha ya kibarua. Kwa hiyo kila mzaha wa mama huyu una hesabu ndani yake, na kila wimbo wake ni posa. Ukiusikiliza wimbo wa Bali Ha'i kwa masikio hayo, hutausikia tena kama wimbo wa mandhari nzuri. Muziki wake Rodgers aliutunga kwa dakika chache tu, nao umejengwa kwa noti tatu zinazorudiwa: sauti huanza chini, ikaruka ghafla hadi juu, kisha ikateleza kwa kiasi kidogo mno, kana kwamba imekifikia kisiwa na mara kikatoweka katika ukungu. Katika ule mtelezo mdogo ndimo ilimo kazi ya Juanita Hall. Mwimbaji mwingine angeukanyaga kwa haraka. Yeye aliukawiza, akaupa giza, kwa sauti iliyofunzwa katika nyimbo za kiroho, ambazo waimbaji wake walijua tangu zamani namna ya kuimba habari za nchi iliyo ng'ambo ya maji.

Cable anampenda Liat, lakini anakataa kumwoa, kwa sababu ya rangi na nasaba. Baadaye yeye mwenyewe anaimba wimbo mfupi unaosema kwamba mtoto hazaliwi na chuki, bali hufundishwa. Rodgers na Hammerstein walishauriwa na watu wao wenyewe kuuondoa wimbo huo, wakakataa, kwa kuwa bila huo mchezo haungekuwa na sababu ya kuwapo. Mwaka 1953, mchezo ulipofika Atlanta katika ziara yake, wabunge wa jimbo la Georgia waliuona kuwa wa hatari kiasi cha kuleta mswada wa kupiga marufuku michezo waliyodai kuwa na falsafa iliyotoka Moscow. Tusisahau kwamba katika majimbo mengi ya Marekani wakati ule ndoa ya mweupe na asiye mweupe ilikuwa kosa mbele ya sheria, na kwamba Mahakama ya Juu ya nchi ile haikuzibatilisha sheria hizo mpaka mwaka 1967. Alipokuwa akimwimbia luteni yule mweupe amchukue binti yake, Juanita Hall hakuwa akiigiza jambo la visiwa vya mbali.

Mwaka 1950 mchezo ulitunukiwa Tuzo ya Pulitzer, na katika Tuzo za Tony, zilizokuwa na umri wa miaka mitatu tu, tuzo zote nne za uigizaji wa michezo ya nyimbo zilikwenda kwa South Pacific: Martin, Pinza, Myron McCormick na Juanita Hall. Yeye alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Mchezo uliendelea mpaka Januari 1954, ukaoneshwa mara 1,925, na santuri yake iliyorekodiwa mwaka 1949 ilikaa majuma 69 katika nafasi ya kwanza ya mauzo.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponitia simanzi. Ingekuwa haki baada ya fahari ile watungaji wakaketi kumwandikia mchezo mwanamke huyu kwa sura yake mwenyewe. Mara moja tu alikaribia: House of Flowers, ulioanza mwishoni mwa mwaka 1954, kisa cha visiwa vya Karibi kwa maneno ya Truman Capote na muziki wa Harold Arlen, ambamo yeye na Pearl Bailey walikuwa wenye madanguro wawili wanaoshindana. Ulikuwa na kundi la waigizaji weusi wenye vipaji adhimu, lakini ulifungwa baada ya maonyesho 165. Kisha Rodgers na Hammerstein wakamwita tena, safari hii awe Madam Liang, mwanamke wa Kichina wa San Francisco, katika Flower Drum Song, ulioanza tarehe 1 Desemba 1958. Alikuwa Mtonkini, sasa akawa Mchina. Akapakwa vipodozi vya macho, akavishwa hariri, akaimba vizuri kama kawaida yake. Mnamo 1961 mchezo huo ukafanywa sinema, naye akawa humo, kati ya waigizaji ambao karibu wote asili yao ni Asia. Wapo wanaomlaumu siku hizi kwa kuzikubali sura zile. Mimi namlaumu zaidi yule aliyekuwa na kalamu na fedha, asimpe sura nyingine.

La sinema ya South Pacific ni zito zaidi. Ilitoka Machi 1958, na Juanita yumo, Bloody Mary yuleyule, kwa macho yaleyale na mikono ileile. Lakini sauti si yake. Rodgers hakuridhika na sauti ya Juanita ya wakati ule, akaitaka ya Muriel Smith, mwimbaji mweusi hodari aliyekuwa Bloody Mary wa London tangu mwaka 1951. Basi Muriel akaimba, na Juanita, aliyewafundisha watu wimbo ule, akafungua kinywa kuufuata. Wasomaji waliokulia sinema za Kihindi katika majumba ya Unguja na Mombasa watasema kwamba hili si jambo geni, na ni kweli: tulijua sote kwamba midomo ni ya Nargis na koo ni la Lata Mangeshkar. Lakini huko mwimbaji alitajwa, akapendwa, na santuri zake zikanunuliwa kwa jina lake. Muriel Smith hakutajwa katika sinema ile. Wanawake wawili walidhulumiwa kwa wimbo mmoja: mmoja alinyang'anywa sauti, mwingine akanyimwa jina. Na miezi michache baadaye Rodgers huyohuyo alimsimamisha Juanita jukwaani katika Flower Drum Song, akaimba kila usiku kwa koo lake mwenyewe, wala ukumbi haukulalamika.

Katika miaka hiyohiyo alirekodi santuri ya bluzi, Juanita Hall Sings the Blues, pamoja na mpiga piano Claude Hopkins na mpiga saksofoni Coleman Hawkins. Hakuna kilemba cha kigeni ndani yake wala lugha ya kuvunja. Ni mwanamke mweusi mzima, mwenye akili na ucheshi na uchungu, akiimba nyimbo za watu wake kwa kituo. Mwaka 1966 alipanda jukwaani tena kwa onyesho la peke yake, lenye nyimbo za aina hiyo. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha. Alifariki tarehe 28 Februari 1968 huko Bay Shore, jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 66.

Msomaji atakayetaka kumjua asianze na sinema. Aitafute ile santuri ya waigizaji wa kwanza, ya mwaka 1949, afunge macho, na asikilize Bali Ha'i mpaka mwisho. Pale anayeimba ni Juanita Hall.