Fahamu: Kitufe kilichokatwa maneno hurekebishwaje?

Unataka kuhifadhi faili, kidirisha kinachomoza, na kitufe kinasomeka "Hifad". Herufi zilizobaki zimemezwa na ukingo.

Katika LibreOffice, programu huria iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, kasoro hii ina historia. Zamani kila kitufe kilipewa mahali na upana usiobadilika. "Save" ni herufi 4, "Hifadhi" ni 7. Hapo ndipo tafsiri ilipobanwa. Toleo la 4.0, la Februari 2013, lilianza kuleta mpangilio mpya: kidirisha huelezwa kwenye faili ya XML yenye kiishio .ui, na kitufe hujitanua kufuata maneno. Ndiyo maana mara nyingine dawa ni kugusa mstari mmoja tu wa faili hiyo.

Kazi ya kurekebisha huanzia Bugzilla, mfumo wa kuripoti hitilafu. Ripoti ya "haifanyi kazi" haimsaidii mtu. Andika toleo, mfumo wa kompyuta na hatua ulizopitia, kisha weka picha ya skrini. Rekebisho hupitia Gerrit, mfumo wa kukagua mabadiliko ya msimbo, likaguliwe na kujaribiwa. Linux, Windows na macOS huchora kidirisha kilekile kwa namna tofauti, na kinachopendeza huku huweza kubanana kule.