Pumzi ni amana: Kazi ya kupiga picha za watu chini ya maji

Mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga alitujia baada ya swala ya Alasiri, simu mkononi na uso umejaa fadhaa. "Ustadhi," alisema, "naomba unitazamie jambo hili." Katika kioo cha simu ile ilionekana picha ya mwanamke aliyevaa vazi refu la samawati, ameelea katikati ya maji kana kwamba yuko angani, na mtandio wake umetanda nyuma yake mithili ya wingu. Binti wa mzee huyu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipiga picha katika harusi za akina mama, ndiye aliyemwonesha, akamwambia kuwa hiyo ndiyo kazi anayotaka kuiongeza katika biashara yake. "Mimi sikatai kazi halali," mzee aliendelea, "lakini nachelea binti yangu asije akawazamisha watoto wa watu."

Hofu ile haikuwa ya bure, nasi tulikuwa na sababu yetu wenyewe ya kuielewa. Tulipokuwa wanafunzi chuoni, siku moja ya likizo tulikwenda na wenzetu katika bwawa la kuogelea, tukashindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Mwenzetu mmoja alihema haraka haraka mara nyingi, akazama, akatulia. Sisi tuliokuwa ukingoni tulimhesabia na kumpigia makofi, tukidhani anatushinda. Mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akipita ndiye aliyetambua kilichokuwa kikitendeka, akajitosa na nguo zake na kumtoa. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu alizinduka. Lakini hadi leo hatujasahau kwamba tulikuwa tukimpigia makofi mtu anayezama.

Kwa hiyo tulimwomba mzee atupe siku chache. Tukasoma, tukawauliza wazamiaji wanaofanya kazi na watalii, kisha tukaenda nyumbani kwake kuketi na binti mbele ya wazazi wake. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa ajili ya kila familia yenye kijana anayevutwa na kazi hii, na kwa ajili ya wale watakaoombwa siku moja kupigwa picha za namna hii.

Kazi yenye umri mrefu

Kazi hii si ya leo. Mwanabiolojia wa Ufaransa, Louis Boutan, alianza kupiga picha chini ya maji mwaka 1893 huko Banyuls-sur-Mer, katika pwani ya Mediterania. Mwaka 1899 alimpiga mwenziwe kutoka Romania, Emil Racoviță, akiwa ndani ya vazi la wazamiaji wa zama hizo. Picha hiyo aghalabu hutajwa kuwa ya kwanza ya mtu chini ya maji.

Baadaye, katika chemchemi za Silver Springs huko Florida, Marekani, ambazo maji yake ni maangavu kama kioo, mpiga picha Bruce Mozert alitengeneza kasha lake mwenyewe la kukinga kamera. Tangu mwaka 1938, kwa miongo kadhaa, alipiga picha za kuwavutia watalii. Ubunifu wake ulikuwa wa kuchukua mambo ya kila siku, kama kusoma gazeti, kuzungumza kwa simu au kuchoma nyama, na kuyapeleka chini ya maji. Alipotaka moshi upande kutoka katika jiko, alitumia maziwa ya kopo, ambayo mafuta yake huelea kwenda juu. Fikra ndogo na kopo la maziwa vilitosha kumfanya mtazamaji asimame na kutabasamu.

Kengele inayochelewa kulia

Jambo la kwanza tulilomweleza binti ni lile lililompata mwenzetu. Kinachomsukuma mwanadamu kutaka kupumua si kupungua kwa oksijeni, bali ni kuongezeka kwa kabonidayoksaidi katika damu. Anayehema kwa haraka na kwa nguvu kabla ya kuzama huitoa kabonidayoksaidi nyingi pasi na kuongeza oksijeni ya maana. Kengele ya mwili basi huchelewa kulia. Oksijeni humwishia kabla hajahisi dhiki, akazimia bila kelele wala kutapatapa. Kwa mtu wa ukingoni, aliyezimia hufanana na aliyetulia. Na katika kazi hii, utulivu ndio hasa mpiga picha anaoutafuta! Hapo ndipo hatari yake ilipo.

Kwa sababu hiyo, kanuni ni kwamba anayepigwa picha hahemi haraka kabla ya kuzama. Huvuta pumzi ya kawaida, akashuka, akakaa sekunde 10 au 15, akapanda. Hupumzika juu kwa muda usiopungua mara mbili ya ule aliokaa chini. Wala haambiwi "kidogo tu, bado kidogo." Pumzi ni yake. Mpiga picha ameazimwa sekunde chache, na mwenyewe akizitaka hurudishiwa papo hapo.

La pili ni hewa ya mtungi. Baadhi ya wapiga picha huzama na mtungi na kumpa mtu asiye na mafunzo avute hewa humo ili akae chini zaidi. Hili ni kosa kubwa. Aliyevuta hewa hiyo chini, kisha akapanda huku ameibana, hewa hutanuka kifuani kadiri shinikizo la maji linavyopungua, na yaweza kumpasua mapafu hata katika kina kisichozidi mita 2. Mtungi ni wa aliyefunzwa na kupewa cheti.

La tatu ni afya. Mwenye kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito aulizwe mapema, kwa faragha, na asipigwe picha hizi bila ushauri wa daktari. Mwenye mafua asubiri apone, kwani masikio yake hayatasawazisha shinikizo. Hata mwenye afya hushuka polepole, akibana pua na kupuliza taratibu, na akihisi maumivu hupanda.

Vazi zuri, vazi salama

Mama wa binti, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyeuliza swali zito: "Na hizo nguo ndefu je?" Swali hilo linazigusa familia zetu moja kwa moja, kwa kuwa wateja wa binti huyu ni wanawake wanaojisitiri.

Nguo ndefu chini ya maji ni neema kwa mpiga picha. Kitambaa chepesi hufunguka, hukunjuka na kusimama mahali ambapo nchi kavu kingelala. Lakini kitambaa hicho hicho humnasa muogeleaji miguuni, na mtandio uliolowa, mtu anapoibuka na kuvuta pumzi, hugandamana na pua na mdomo. Kadhalika nguo huelea kuelekea juu na kumwacha wazi mwenye kuivaa.

Dawa yake si kuongeza uzito. Wapo wanaoshona chubwi za kuvulia samaki katika pindo ili nguo isipande, lakini chubwi nyingi humvuta mtu chini. Njia iliyo salama ni kuvaa suruali na fulana ya mikono mirefu iliyobana mwili, ambayo ndiyo sitara yenyewe, kisha juu yake vazi la picha linalovulika kwa mvuto mmoja. Hijabu ya ndani ishonwe, isibanwe kwa pini. Mtandio wa mapambo usizungushwe shingoni, ushikwe mkononi ili uachiwe wakati wowote. Na kabla ya picha hata moja, mhusika aogelee na mavazi hayo mahali ambapo miguu inagusa chini, na ajaribu kuyavua ndani ya maji. Akishindwa, vazi hilo halifai, hata liwe zuri namna gani.

Usanii na usalama ni ndugu

Binti alitushangaza aliposema kuwa kila kanuni tuliyomtajia inamfaa pia katika picha zenyewe. Alitufafanulia, nasi tukawa wanafunzi wake.

Maji, alisema, hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine. Kufikia mita 5 hivi wekundu umefifia sana, na kanga nyekundu huonekana kama imechujuka ikawa ya kahawia. Tena si kina peke yake, hata umbali kati ya lenzi na uso huhesabika. Basi anayetaka rangi ya kweli ya ngozi na ya nguo hupiga karibu na uso wa maji, mita 1 au 2 tu chini, na humsogelea mtu wake akitumia lenzi pana. Kina kifupi kinachomlinda mtu ndicho kinacholinda rangi.

Mwanga wa jua hupenya vizuri karibu na saa sita mchana, jua likiwa utosini. Akitumia flashi, huiweka pembeni mbali na lenzi, la sivyo huangaza kila chembe iliyo majini na picha ikajaa vidoadoa. Taa za umeme wa nyumbani hazikaribii bwawa kabisa, ni za betri tu.

Anayepigwa picha hafumbui macho kwa nguvu, wala haoni vizuri bila miwani, hivyo maelekezo yote hutolewa juu kabla ya kushuka. Hutoa mapovu machache puani, akalegeza taya na vidole. Mashavu yaliyofura kwa pumzi huharibu uso. Na hapa binti alisema neno tulilolihifadhi: "Mtu mwenye hofu hana sura nzuri chini ya maji. Nikitaka picha nzuri, lazima kwanza aniamini."

Akaongeza kuwa uso wa maji ukitazamwa kutoka chini ni kama kioo. Ukiinamisha kamera vizuri utampata mtu na kivuli chake kilichopinduka juu yake. Kwa hilo hahitaji vifaa vya gharama. Ahitaji maji yatulie tu.

Kuhusu kasha la kamera, hulijaribu kwanza likiwa tupu, ameweka karatasi laini ndani, katika beseni la maji. Unywele mmoja au chembe ya mchanga katika mpira wa kuzuia maji hutosha kuiua kamera. Na akitoka baharini huliloweka kasha katika maji baridi yasiyo na chumvi.

Mtu wa tatu

Tulimwekea sharti moja ambalo halina mjadala: awepo mtu wa tatu. Huyu hashiki kamera, hashiki simu, hapangi nguo. Kazi yake ni moja, kumtazama aliye chini. Ajue kuogelea na kuokoa, awe amefunzwa huduma ya kwanza ya kumpulizia pumzi na kumshindilia kifua aliyezama, na awe na neno la mwisho. Akisema "basi," ni basi.

Wote watatu hukubaliana ishara. Kidole gumba kinachoelekea juu, ambacho mitaani humaanisha "safi," kwa wazamiaji humaanisha "napanda." Duara la kidole gumba na cha shahada ndilo humaanisha "niko salama." Asiyejua tofauti hii aweza kuomba kupanda, akajibiwa kwa tabasamu.

Tukamnasihi pia aanzie bwawani, asikimbilie baharini. Bahari ina mikondo, na sisi watu wa pwani tunajua kuwa bamvu si sawa na maji mafu, wala kusi si sawa na kaskazi. Siku atakapokwenda, aende na wanaoijua sehemu ile. Na picha za wateja zisiwekwe popote bila idhini yao, kwani hiyo nayo ni amana.

Picha ambayo haikupigwa

Mwezi uliofuata alikodi bwawa kwa saa mbili asubuhi, likafungwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Aliyepigwa picha alikuwa binamu yake. Mtu wa tatu alikuwa shangazi yake, aliyekulia kando ya bahari na anayeogelea kuliko vijana wengi. Alikuwa amekwisha kupata mafunzo ya huduma ya kwanza. Baba alikaa nje ya lango.

Tulisimuliwa baadaye kilichotokea. Walishuka mara nyingi. Picha kadhaa zilitoka vizuri, nyingine hazikufaa. Kisha mtandio ukafunguka namna ambayo binti alikuwa akiiota tangu siku ile ya kwanza, mwanga ukaupiga sawasawa, uso wa binamu yake ukatulia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Wakati huo huo binamu akainua kidole gumba.

Binti aliiachia kamera ining'inie katika kamba yake, akamshika mwenziwe mkono, wakapanda pamoja. Waliporudi chini mtandio haukufunguka tena namna ile.

Aliyamweleza baba yake hayo langoni kwa masikitiko, kama aliyepoteza kitu cha thamani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alitupigia simu. "Ustadhi," alisema, "ile picha nzuri kuliko zote hakuipiga." Akanyamaza kidogo. "Basi nimemruhusu aendelee."