Kabla ya Kupaka Ukuta Rangi, Uliza Ulipuliziwa Dawa Lini

Wengi huona kupaka nyumba rangi kuwa kazi ya fundi, wala si jambo la daktari. Lakini katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako malaria huenea mwaka mzima, ukuta wa chumba cha kulala ni sehemu ya kinga ya watoto wako.

Mbu aenezaye malaria, akishafyonza damu usiku, aghalabu hutua ukutani kupumzika. Ndiyo sababu nyumba za Migori mwaka wa 2017, na za Homa Bay mwaka uliofuata, zilipuliziwa ndani dawa iitwayo Actellic. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba dawa hiyo hufanya kazi miezi 4 hadi 6 ikishakauka ukutani. Mtu akiuosha ukuta, akiukwangua, akiusiriba upya au akiupaka rangi kabla ya muda huo kwisha, dawa huondoka au hufunikwa, na mbu hutua salama salimini.

Kwa hivyo, ukisikia kuwa wapuliziaji watakuja, maliza matengenezo kwanza. Wanaopaka rangi Desemba kwa ajili ya wageni wa Krismasi hufanya vyema, maana kwa kawaida dawa hupuliziwa kabla ya mvua za masika. Taabu huja kukitokea arusi au matanga katikati ya mwaka. Hapo siriba kuta za nje, na vyumba vya ndani uviache vilivyo. Na usiache neti, kuta ziwe zimepuliziwa au la.

Ukuta wa udongo unyunyizie maji kidogo kabla ya kufagia masizi, usije ukalivuta vumbi lote kifuani. Ziba nyufa, kwani humo hujificha kunguni, kisha uache ukauke kabisa. Wanaopaka chokaa wawe waangalifu, kwani huunguza macho. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Plasta mpya ya saruji ipe wiki 4 hivi ikauke. Yenye ukungu, tafuta kwanza maji yanapoingilia. Ukungu uoshe kwa jiki iliyozimuliwa, lakini usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa maana hutoa hewa ya sumu.

Mabati yasugue kutu kwa brashi ya waya, ukiwa umefunika macho.

Kinachonitia hofu zaidi ni mbao: milango na fremu za madirisha zenye rangi ya mafuta ya zamani. Huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usiipige msasa ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, na uwaondoe watoto na mama wajawazito mpaka kazi iishe. Maganda yakusanye kwenye karatasi ya nailoni, usiyatupe uani kuku wanapodonoa na watoto wanapocheza. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kavu, na nguo za fundi zifuliwe mbali na nepi za mtoto.