Geti la Kwanza

Geti la kwanza nililotengeneza kwa jina langu lilikuwa la mzee mmoja wa Kihonda, Morogoro, mwaka 2017. Tulipatana shilingi 300,000. Mabomba sita yalikula 132,000, shiti mbili 90,000, pakiti ya vijiti vya kuchomelea 18,000, rangi 15,000, bawaba na komeo 20,000. Nikaona faida yangu 25,000, nikafurahi. Kumbe sijahesabu umeme wa Luku 8,000, kirikuu cha kulipeleka 15,000, visahani viwili vya kukatia 8,000, na deiwaka aliyenishikia vyuma 10,000. Siku tatu juani, na mwisho wake nilikuwa nimemlipa mzee yule shilingi 16,000 ili akubali nimtengenezee geti.

Na mimi si fundi wa kuokota ufundi mtaani. Nimekaa miaka miwili kwenye chuo cha ufundi cha serikali, nina cheti, na somo la ujasiriamali nilipata alama 78. Mtihani ulitaka sifa za mjasiriamali. Niliziandika zote: mthubutu, mbunifu, mvumilivu, mwenye kuona fursa. Hakuna swali lililouliza geti linauzwaje.

Kumfundisha fundi ajitegemee kwa kazi yake ni jambo ambalo nchi yetu haikuanza kuliwaza jana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, waone jasho lao limeleta nini. Mwaka 1973 likaja SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Miaka miwili baadaye vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, wazo lililotoka Sweden. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni ya sheria ya mwaka 1994, na tarehe hiyo ina maana yake: ndicho kipindi mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Zamani aliyehitimu ufundi alisubiri kuitwa kiwandani. Sasa chuo kikawa kinamwandaa kijana ambaye bosi wake huenda akawa ni yeye mwenyewe, na huo ni ufundi mwingine kabisa. Wenzetu Kenya walikwishaliingiza somo la ujasiriamali katika vyuo vyao vyote vya ufundi mwaka 1990.

Kwa hiyo somo lipo. Shida yangu mimi ni mahali linapofundishiwa. Linafundishwa ubaoni, wakati biashara yenyewe inapita pale pale karakanani, wanafunzi wakiitazama kama gari la mtu mwingine.

Nitakupa mfano. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya madawati, na chuo chetu kilipata oda. Tulichomelea fremu hadi macho yakawa mekundu. Nilijifunza kwenda haraka bila kupinda chuma, nilijifunza kupanga vipande ili bomba la mita sita lisiache kipande cha kutupa. Hayo nayashukuru mpaka leo. Lakini dawati moja lilikuwa bei gani? Chuma kilinunuliwa wapi, kwa shilingi ngapi? Nani aliandika makadirio, na malipo yalichukua muda gani kufika? Karatasi hizo zilikaa ofisini kwa mhasibu. Sidhani kama zilifichwa. Hakuna aliyefikiri kwamba nazo ni somo.

Aliyenifundisha biashara bila kujua alikuwa mtunza stoo. Mzee mkali, dirisha dogo la nondo, daftari la kaunta lililochakaa. Ukitaka vijiti kumi, unasaini kumi, na jioni unamrudishia vibutu vyote, yaani vipande vya vijiti vilivyobaki. Ukileta vibutu virefu anavipanga mezani mbele ya wenzako: "Hivi viwili ukiunganisha ni kijiti kizima. Umemchomea nani hicho?" Tulimchukia. Leo karakana yangu hapa Msamvu ina dirisha dogo na daftari la kaunta.

Baada ya lile geti la Kihonda nilikwenda mafunzo mafupi ya SIDO. Nilijua nitaambiwa nithubutu. Mkufunzi akatwambia kila mtu aandike kazi yake ya mwisho na kila senti iliyotoka, mpaka nauli ya kwenda kununua rangi. Ukumbi ukawa kimya. Mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni akatoka nje. Mimi nikaiona ile 16,000 yangu kwa maandishi, na pia nikaona kitu kibaya zaidi: siku zangu tatu sikuziandika popote, kana kwamba mimi ni mashine ya kukopa kwa jirani. Kuanzia siku hiyo hakuna chuma kinachokatwa kwangu bila mteja kutoa kianzio cha asilimia 60.

Watu husema vijana wanakosa mitaji. Ni kweli, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ipo kwa ajili hiyo. Lakini mtu asiyejua bei ya geti lake ukimpa milioni tano atatengeneza mageti mengi zaidi ya hasara.

Siku hizi vyuo vinaniletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wiki mbili za kwanza hawashiki mashine. Wanakaa na mteja, wanapima, wanaulizia bei dukani, wanaandika makadirio. Wananuna, maana walikuja kuchomelea.

Mwezi uliopita binti mmoja alimwandikia mama wa Mazimbu geti la 650,000. Mama akavuta pumzi.

"Mwanangu, si unifanyie laki sita tu."

Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Binti akaugeuza mchoro upande wa mteja.

"Inawezekana, mama. Ila haya maua ya nondo ya juu yatabaki hapa karakanani."

Mama akayatazama maua kwa muda. "Weka maua," akasema, akafungua mkoba kuhesabu kianzio.

Alipoondoka niliipitia karatasi ile mstari kwa mstari. Umeme upo, visahani vipo, deiwaka yupo, siku za fundi zipo. Kirikuu amekisahau.