Tabasamu Lisilo la Wageni

Hapo ulipokaa, usibadilishe chochote usoni. Kagua taya tu. Huenda ukakuta meno ya juu yameyakandamiza ya chini, ulimi umebanwa kwenye kaakaa na ndita zimejikunja katikati ya nyusi. Hakuna aliyekuudhi. Ulikuwa unasoma tu, au unasubiri ujumbe wa muamala uingie kwenye simu, na mwili ukajiweka tayari kwa ugomvi bila kukuuliza.

Zoezi la tabasamu linaanzia kwenye ukaguzi huo. Ndiyo maana husita nikisikia watu wakiambiwa watabasamu ili wapate furaha, kana kwamba furaha ni maji ya bomba.

Ushahidi wenyewe una vuta nikuvute. Mwaka 1988 Fritz Strack na wenzake waliwapa watu katuni wazitazame huku wameshika kalamu mdomoni. Walioishika kwa meno, namna inayokunjua mashavu, waliziona zinachekesha zaidi kuliko walioibana kwa midomo. Jaribio hilo lilipata umaarufu mkubwa, hadi mwaka 2016 maabara 17 zilipolirudia na zisione tofauti ya maana. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Nicholas Coles lilichapisha matokeo ya watu 3,878 kutoka nchi 19. Kalamu haikutoa jibu la uhakika. Lakini walioiga uso wa mtu mwenye furaha, au waliovuta pembe za mdomo na kuinua mashavu kwa makusudi, walisema wamejisikia vizuri kidogo. Kidogo, wala si zaidi, na mimi sioni haja ya kukikuza.

Faida iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba tabasamu hukurudisha ulipo. Mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alilifundisha kwa miaka mingi pamoja na pumzi: tabasamu la nusu, hafifu, mara tu unapoamka, au wakati wowote ukiwa umekaa bure. Si la kumwonyesha mtu.

Namna ya kulifanya ni hii. Achanisha meno, midomo ibaki imefumbwa. Acha ulimi ulale. Ukitoa pumzi, legeza paji la uso, kisha inua pembe za mdomo kiasi ambacho jirani yako kwenye daladala hatakigundua. Kaa hivyo kwa pumzi tatu nne, ukisikiliza mashavu na ngozi ya kando ya macho. Akili ikikimbilia kwenye kodi ya nyumba, itakimbilia, irudishe usoni. Lifungamanishe na jambo unalolifanya kila siku, kama kungoja chai ichemke au taa nyekundu barabarani, maana ukingoja ulikumbuke lenyewe utalisahau.

Kuna pasipofaa. Mfiwa hahitaji zoezi hili, na anayepitia sonona ya wiki kwa wiki anahitaji kuonana na mtaalamu, si kuambiwa akunjue uso. Vilevile wale wanaomwambia binti asiyewajua, "Mbona umenuna, hebu cheka kidogo," wanatoa amri tu.

Halafu kuna wanaotabasamu kwa mshahara. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege nchini Marekani, ambao tabasamu lilikuwa sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya, na akaeleza jinsi kazi ya namna hiyo inavyoweza kumtenga mtu na hisia zake mwenyewe. Mpokea wageni wa hoteli anaijua hali hiyo, na keshia pia. Mtu wa namna hii akiniuliza, humpa nusu ya kwanza tu ya zoezi: akishavua sare, aachanishe meno, alegeze paji la uso, na mdomo auache ukae unavyotaka, hata ukinuna.