Kitenzi cha Kiingereza na Jirani Zake

Katika Afrika Mashariki askari aweza kukesha lindoni kwa Kiswahili, akabishana na mlevi kwa Kiswahili na kumtia mbaroni kwa Kiswahili. Lakini kukipambazuka, akikaa kuandika taarifa, mara nyingi hutakiwa aiandike kwa Kiingereza. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Barua ya mwalimu, maelezo ya dawa, fomu ya mkopo, aghalabu huja kwa lugha hiyo. Wengi wetu maneno yake tunayajua. Kinachotushinda ni mpango wake: neno lipi lifuate lipi, na kitenzi kivae vazi gani kinapofuata kitenzi kingine. Kosa la namna hii halichekeshi kama kosa la matamshi, kwa kuwa sentensi huweza kubaki sahihi kabisa, ila imesema jambo jingine.

Tuanze na kitenzi-jina. Sisi kazi hiyo tumempa mtumishi mmoja, yaani ku-. Twasema "napenda kusoma", "aliacha kunywa", "alisahau kufunga". Kiingereza kina maumbo mawili: moja hutanguliwa na "to", kama "to drink", na la pili huishia kwa -ing, kama "drinking". Msemaji wa Kiswahili akiona kwamba yote mawili ni "kunywa", hudhani ni mamoja. La hasha! Chukua taarifa ya askari wa barabarani. Akiandika "The driver stopped drinking beer", amesema dereva aliacha pombe, na pengine hakimu atampongeza. Akiandika "The driver stopped to drink beer", amesema dereva alisimamisha gari ili anywe.

Jambo hilo huwa zito zaidi katika kukumbuka. Ghala limevunjwa usiku, na mlinzi anaulizwa juu ya mlango. Akijibu "I did not remember to lock the door", amekiri kwamba hakuufunga. Akijibu "I do not remember locking the door", amesema tu kwamba hana kumbukumbu ya kuufunga. Huenda aliufunga, huenda hakuufunga. Jibu la kwanza laweza kumfukuzisha kazi. La pili linataka uchunguzi uendelee. Mwandishi wa maelezo asiyejua tofauti hiyo anaweza kumtia mwenzake hatiani bila kukusudia.

Viko vitenzi visivyotoa hiari. "Want", "decide", "promise" na "refuse" hutaka "to"; "finish", "enjoy", "avoid" na "deny" hutaka -ing, kwa hiyo mshukiwa anayekana kuiba mbuzi huandikiwa "The suspect denied stealing the goat". Hapa hakuna dawa ila kukariri, kama mgeni anavyokariri ngeli zetu. Kitenzi "make" kina ukorofi wake: "The sergeant made the recruit sweep the yard" haina "to" hata kidogo, lakini ukiigeuza kumtaja kuruti kwanza, "to" hurudi: "The recruit was made to sweep the yard".

Na kuna "used to", ambayo imewaponza wengi katika barua za kuomba kazi. "I used to wake at four" maana yake ni kwamba zamani nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri, na siku hizi nalala. "I am used to waking at four" ni kusema nimezoea kuamka saa hiyo. Mwombaji wa kazi ya ulinzi atazame vizuri ni ipi kati ya hizo anayoitia sahihi.

Sasa tulitazame neno "not", ambalo kwa maoni yangu ndilo la hatari kuliko yote. Kiswahili hukificha kikanushi ndani ya kitenzi chenyewe, "wasifungue", "asifyatue", na huko hakipotei. Katika Kiingereza hutembea peke yake. Mama anayesema "I told the children not to open the door" aliwakataza watoto wasifungue mlango. Anayesema "I did not tell the children to open the door" hakuwaagiza wafungue, na pengine hakuwaambia neno lolote. Vivyo hivyo "The officer decided not to fire" yaeleza kwamba afisa alipima mambo, akaamua asifyatue risasi. "The officer did not decide to fire" yasema hakuamua kufyatua, na msomaji atabaki akijiuliza kama bunduki ililia yenyewe.

Vielezi navyo vina viti vyao. Kwa desturi Mwingereza hapendi kielezi kikae kati ya kitenzi na yambwa yake. Husema "She speaks English well", si "She speaks well English", ingawa kwetu "anasema vizuri Kiingereza" haimshangazi mtu. Vielezi kama "always" na "never" hutangulia kitenzi, "He always comes late", lakini hufuata "is", "He is always late". Vingine hubadilika sura vikabadilisha na maana. "He works hard" ni sifa ya mchapa kazi. "He hardly works" ni kusema kwamba ni nadra afanye kazi. Mkubwa anayemwandikia kijana barua ya sifa na akachanganya hayo mawili, amemharibia.

Neno "only" tusilishangae, maana "tu" yetu ina tabia hiyo hiyo. "Only the corporal saw the thief": koplo tu ndiye aliyemwona mwizi. "The corporal only saw the thief": koplo alimwona tu, hakumkamata.

Je, kielezi chaweza kuingia kati ya "to" na kitenzi chake? Katika Kiswahili swali hili halizuki, kwa sababu kati ya ku- na mzizi hupita viambishi tu, kama katika "kumwona" na "kutomwona". Waingereza wamegombana juu yake kwa zaidi ya karne moja. Henry Alford, aliyekuwa kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury, alilishutumu jambo hilo mwaka 1864 akidai si desturi ya Waingereza, hali mifano yake imo katika maandishi yao tangu karne ya 13. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alisema ni heri kutenganisha kuliko kuandika sentensi yenye utata. Naona Fowler alikuwa na haki. "He failed completely to understand the order" ni mtu asiyeelewa amri hata chembe. "He failed to completely understand the order" ni mtu aliyeielewa nusunusu.

Hofu ya kutenganisha maneno yanayokwenda pamoja huenda ilifika hata Ikulu ya Marekani. Tarehe 20 Januari 2009 Barack Obama alikuwa akiapishwa na Jaji Mkuu John Roberts. Katiba ya Marekani imeweka kielezi "faithfully", yaani kwa uaminifu, katikati: "will faithfully execute". Jaji Mkuu, aliyekuwa akisema kwa kichwa bila karatasi, alikiondoa hapo akakipeleka mwishoni mwa sentensi. Obama alisita, jaji akajaribu kusahihisha, mwishowe Rais akarudia kielezi kikiwa mahali pasipo pake. Mtaalamu wa lugha Steven Pinker aliandika siku hizo hizo kwamba jaji huyo hakupenda kielezi kikae baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Wanasheria wa Ikulu walisema kiapo kilikuwa halali. Hata hivyo, ili pasibaki mwanya wa shaka, jioni ya tarehe 21 Januari Jaji Mkuu alikwenda Ikulu, na kiapo kikarudiwa katika Chumba cha Ramani, mbele ya watu wachache, pasipo Biblia, polepole, na "faithfully" ikatangulia "execute".